Maziwa ya Watu wa Vumbi

Jumatatu, 9 Juni

Baridi. Waithaka yote ni matope. Nimeamka nikasali, nikauombea mkono wa Selpher. Tangu ateleze pale bombani mwezi wa pili akavunjika kifundo cha mkono, najua neno moja tu la daktari wa zahanati: mifupa imechoka, mama anywe maziwa kila siku. Kila siku! Yeye hunywa chai ya rangi na kuniambia ati ndiyo anayopenda. Mke wangu ni mwongo mzuri sana. Miaka ishirini na sita na bado sijamshika.

Kazini, tangazo. Mkataba wa pamoja kati ya chama chetu na kiwanda unaisha mwezi huu. Everlyn, mwakilishi wetu wa chama, anakusanya maombi ya kila sehemu: nyongeza ya mshahara, pesa za nyumba, nauli ya likizo. Nikauomba ule mkataba wa zamani, nikausoma wote. Mara ya kwanza katika miaka kumi na minane ya kupakia chaki kwenye maboksi! Kifungu cha ishirini na mbili: mfanyakazi wa sehemu ya vumbi atapewa pakiti moja ya maziwa kila siku ya kazi.

Sehemu ya vumbi ni kule wanakosaga plasta ya kutengenezea chaki. Oduor yuko huko. Sisi wa kupakia tunahesabiwa safi. Safi!

Saa nne kamili Oduor huja na pakiti yake kuinywea mlangoni petu. Polepole. Kisha anapangusa masharubu. Leo ameniuliza, "Omwami, bwana mkubwa, hali gani huko kwa watu wa ofisi?" Na Jumapili nitasimama naye bega kwa bega kwaya ikiimba, sisi wawili ndio besi. Bwana anipe subira.

Nimepata mpango.

Jumanne, 10 Juni

Nimemwendea Everlyn. Nikamwambia sehemu ya kupakia ina vumbi la kutisha. Akaniuliza vumbi gani, Mzee Joash, na wewe huja kazini na shati jeupe na unarudi nalo jeupe? Nikasema ndiyo hatari yenyewe, vumbi la chaki kwenye shati jeupe halionekani. Akanitazama. Akasema sawa, Alhamisi baada ya chakula atapita na meneja wa wafanyakazi, Bwana Kitavi, pamoja na afisa wa usalama. Kama kuna vumbi, walione.

Jioni nimefanya mazoezi ya kukohoa. Selpher akaleta tangawizi, akanisugua kifua kwa mkono ule mzima. Nikaona aibu. Nikakohoa tena kidogo, maana kiganja chake kilikuwa na joto.

Alhamisi, 12 Juni

Nimevaa sweta nyeusi. Saa ya chakula wenzangu wakaenda kantini, mimi nikabaki peke yangu na Mungu. Nikaponda chaki zilizovunjika, ndoo nzima. Nikapanda juu ya meza, nikamwaga unga wote juu ya mapanga ya feni ya dari. Nilikusudia nusu ndoo. Mkono uliteleza.

Wageni walipoingia nikamwambia Mwendwa, mama tunayepakia naye meza moja, awashe feni kwa sababu nasikia joto. Akasema joto gani na ni Juni? Lakini ni mtu mwema. Akawasha.

Wueh!

Sikuona mlango. Sikumwona Mwendwa, na alikuwa hatua mbili tu kutoka kwangu. Suti ya Bwana Kitavi iliingia ikiwa ya bluu, ikatoka kama kanzu ya ubatizo. Afisa wa usalama alipiga chafya kumi na moja. Mimi nilikohoa vizuri mno na sikuigiza hata moja. Everlyn alisimama pale mlangoni akiniangalia mimi. Si feni. Mimi.

Nimemshukuru Mungu kwa ushindi. Nimemwomba pia asiitazame sana ile saa ya chakula.

Ijumaa, 13 Juni

Inasemekana afisa ameandika ripoti ya kurasa tatu! Nimemwambia Selpher ajitayarishe, kuna baraka iko njiani. Akaniuliza kama nimeanza kucheza kamari. Mzee wa kanisa mzima!

Jumapili, 15 Juni

Mchungaji amehubiri habari za Yakobo alivyovaa ngozi za mbuzi ili abarikiwe na babake. Kwa nini leo? Nikakosa sauti katika ubeti wa pili. Oduor akabeba besi peke yake, kisha akaninong'oneza nisijali, omera, ndugu yangu, vumbi la ofisini hukausha koo.

Jumanne, 17 Juni

Msiba.

Bwana Kitavi amekuja kantini na karatasi. Kampuni imeisoma ripoti na imeshtuka. Itanunua mashine za kunyonya vumbi, kila sehemu, mpaka kule kwa wasagaji. Tukapiga makofi. Mimi ndiye niliyepiga zaidi. Kisha akageuza karatasi. Mashine zikiwekwa, hakuna vumbi. Kama hakuna vumbi, hakuna sehemu ya vumbi. Kwa hiyo kampuni inapendekeza kifungu cha ishirini na mbili kiondolewe katika mkataba mpya.

Maziwa hakuna. Ya mtu yeyote!

Wasagaji arobaini na watatu wakasimama kwa pamoja wakitaka kujua ni mjinga gani aliyewasha ile feni. Nami nikauliza kwa sauti: ni mjinga gani? Mwendwa akaniangalia.

Jumatano, 18 Juni

Sijala. Selpher amenipikia omena, dagaa wale wa ziwani, harufu ikanishinda. Nimejaribu kusali, kila nikifumba macho namwona Mwendwa.

Alhamisi, 19 Juni

Mkutano wa wanachama kantini. Watu wamempata wao wa kulaumu. Ni Mwendwa, aliwasha feni, tulimwona. Mmoja akapendekeza atolewe kwenye kamati ya wanawake. Mwingine akasema huyo ametumwa na kampuni. Mwendwa hakunitaja. Alishika kibeti chake magotini.

Nikasimama. Nikasema yote. Ndoo, meza, sweta nyeusi. Nikasema juu ya kifundo cha Selpher, na daktari, na chai ya rangi, na jinsi nilivyotaka pakiti moja tu kwa siku iingie nyumbani kwangu. Nikamwomba Mwendwa msamaha mbele ya wote. Nikabaki nimesimama kwa sababu sikujua kunafuata nini.

Halafu Oduor akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akafuta macho akasema, "Lakini omera, kwani mimi sina maziwa? Si ungeniomba tu?"

Katika mipango yangu yote sikuwahi kuufikiria huo.

Mwendwa akasema amenisamehe, lakini hatawasha kitu chochote nitakachomwambia awashe mpaka siku ya kustaafu. Everlyn akaniambia nikae chini, mzee, umeharibu vya kutosha. Ila alikuwa anatabasamu. Akasema ungo umeanguka chini lakini unga haujamwagika wote: hata baada ya vumbi la ndoo yangu kufagiwa, afisa alirudi Jumatatu na kipimo chake, na vumbi la kweli lilikuwepo, kila sehemu, mpaka kwenye meza zetu. Ameliandika kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa hiyo nilikuwa nasema kweli! Bila kujua!

Ijumaa, 20 Juni

Wametia sahihi asubuhi hii! Tuliomba nyongeza ya asilimia kumi na tano ya mshahara, wao wakasema nne, tumepata saba. Pesa za nyumba zimepanda. Nauli ya likizo imepanda. Mashine zitakuja. Na maziwa yamebaki kwa sababu ya kipimo cha afisa, si kwa wasagaji peke yao, kwa kila sehemu! Watu wakambeba Everlyn juu. Mtu fulani akanibeba mimi pia, akaniweka chini haraka, nadhani ni uzito.

Kisha Everlyn akatusomea kifungu cha ishirini na mbili, kipya. Maziwa yatafunguliwa na kunywewa mbele ya msimamizi. Hayatatoka getini. Akasema kampuni ilipata habari za ndoo na za mke wa mtu fulani, ikakataa kutia sahihi bila maneno hayo.

Yaani mpaka jana pakiti ya Oduor ingeweza kutembea kutoka kiwandani hadi jikoni kwangu bila mtu kuiuliza kitu. Sasa haiwezi. Kwa sababu yangu.

Saa nne nikapewa pakiti yangu ya kwanza. Msimamizi akasimama mbele yangu mpaka nikaimaliza. Tumbo langu halipatani na maziwa baridi tangu utoto. Safari tatu chooni. Oduor alinishikia nafasi mezani na kunipakilia maboksi yangu. Alipakia vibaya, lakini alipakia.

Jumapili, 22 Juni

Baada ya ibada nimekaa na Selpher, nikamwungamia yote. Alicheka akiwa ameshika ule mkono. Akaniuliza kama nakumbuka kwamba alirudi zahanati mwezi wa tano. Sikumbuki. Alinieleza, anasema, mimi nilikuwa nasoma gazeti. Mkono umepona. Tangu mwanzo daktari alisema maziwa au omena, kimoja chochote, na mboga za majani. Anakula omena tangu mwezi wa tatu. Ndizo hizo ninazolalamikia harufu. Na chai ya rangi anaipenda. Kweli kabisa. Tangu alipokuwa msichana.

Akanishika kichwa akasema hakuna mume wa Waithaka aliyewahi kumwagia meneja ndoo ya chaki kwa ajili ya mkewe. Nikafurahi sana.

Kisha akaenda shambani kwake nyuma ya nyumba kukata sukuma wiki, akarudi na viatu vimejaa matope mpaka vifundoni. Akasema hakuna kinachomsumbua duniani ila hayo matope.

Nimeuchukua mkataba mpya. Kifungu cha thelathini na moja: mfanyakazi wa sehemu yenye maji atapewa jozi moja ya viatu vya mpira, gambuti, kila mwaka.

Sehemu yetu ya kupakia ni kavu. Kwa sasa.

Alipolala mchana nimempima mguu kwa kamba. Namba sita. Mimi navaa tisa, lakini nimesoma kifungu mara mbili na hakuna mahali kimesema mguu wa nani. Na sakafu ikiwa imelowa kweli, huo si uongo. Bwana anajua moyo wangu.

Kesho nitafika kazini mapema. Na ndoo. Moja tu.