Mti Wangu Haukuomba Kurefuka

Farsta, 21 Oktoba

Kwa Ndugu Zachariah,
Mwenyekiti, Ushirika wa Waswahili,
Fittja.

YAH: MAMBO ULIYOTENDEWA MTI WANGU KATIKA IBADA YA NYUMBANI

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini mafua ya Mama Eve yamepungua na kwamba nyumba nzima mnalala vizuri. Mimi ni mzima, ila nimekasirika, na kwa kuwa hujawahi kuniona nikiwa na hasira, naomba nieleze pole pole.

Unajua kazi yangu ni fundi wa lifti, na tangu mwanangu Yvan ahamie Uppsala naishi peke yangu. Kwa miaka sita nimekuwa nikienda kila Jumanne jioni kujifunza bonsai, yaani ufundi wa Wajapani wa kulea mti halisi ndani ya chungu kipana kama sahani, ukiupogoa na kuufunga nyaya ili uzeeke bila kuwa mkubwa. Mti wangu niliununua kwa mzee mmoja aliyekuwa anahamia nyumba ya wazee. Una miaka ishirini na miwili. Kimo chake ni sentimita thelathini na nane. Hiyo si bahati mbaya, Mwenyekiti. Ni kazi.

Mti huo hukaa roshani, maana joto la ndani huudhuru. Lakini majira haya, majani yakishakuwa mekundu kabisa, huingia sebuleni kwa siku tatu tu. Nauweka juu ya meza fupi, na ukutani kando yake naning'iniza picha ya Kijapani: karatasi ndefu iliyobandikwa kwenye kitambaa, ambayo hukunjwa kama mkeka. Picha yangu ina mwezi, tena umechorwa nusu, na chini yake hakuna kitu. Majani mekundu na mwezi. Anayetazama anajua tuko majira gani bila kuambiwa. Kati ya mti na picha huachwa nafasi tupu. Picha niliinyoosha kwa pimamaji ya kazini, na mti niliusogeza mara tisa.

Mwaka huu siku hizo tatu ziliangukia Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Jumapili saa kumi mwalimu wetu, Birgitta, alikuwa aje kuamua kama maonyesho yangu yanafaa kupigwa picha kwa kitabu cha mwaka cha chama chetu cha bonsai. Jumamosi ilikuwa zamu yangu ya kukaribisha ibada. Ningeweza kubadilishana zamu na mtu. Sikufanya hivyo kwa sababu, nikiri, nilitaka ndugu waone.

Haya ndiyo yaliyonipata.

1. Ndugu Bravin alitundika koti lake kwenye msumari wa picha, juu ya mwezi. Lilikuwa limelowa. Nilipomuuliza alijibu kwa adabu kwamba alidhani ni kalenda ya zamani iliyofutika tarehe.

2. Kati ya wageni kumi na mmoja, hakuna aliyeutazama mti kwa dakika nzima. Dada Natacha aliuliza kama ni wa kweli. Nikasema ndiyo. Akauliza kama unazaa. Nikasema hapana. Akaenda kusaidia jikoni.

3. Hapa naingia kwa Mama Gaudiose, ambaye ndiye hasa sababu ya barua hii. Alisimama mlangoni mwa sebule akiwa bado na sufuria ya maharage mikononi, akatazama ukuta, akanitazama mimi, akasema, "Kaka Révérien, hapa pamekaa kama nyumba ya mtu anayehama." Nilimweleza kwamba utupu ule ni sehemu ya maonyesho. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha, nilipokwenda kutafuta viti, akaujaza. Niliporudi nilikuta kwenye ile nafasi chupa ya chai, waridi za plastiki ambazo mpaka leo sijui alizitoa wapi, na boksi la tishu lililovishwa kitambaa cha kufuma.

4. Ulipofika wakati wa maombi, kila mtu alitaja haja yake. Mama Gaudiose alikwisha kuniuliza umri wa mti na kuupima kwa mkono wake, ukaishia chini kidogo ya kiwiko. Aliwaombea wagonjwa, akawaombea wanaotafuta kazi, halafu akasema, "Bwana, umkumbuke ndugu yetu na mti wake uliodumaa miaka ishirini na miwili. Uunyooshe. Uukuze." Watu wote wakasema amina. Mwenyekiti, jambo linaloniuma zaidi ni kwamba na mimi nilisema amina. Mdomo ulitangulia.

5. Jioni ile niliwasindikiza wageni hadi kituoni, naye Mama Gaudiose akabaki kuosha vyombo. Niliporudi udongo wa chungu ulikuwa na uvuguvugu. Hakuficha. Alisema ameumwagia maji ya maharage, na kwamba kwao mkoani Ngozi bustani yote ya mama yake ilinyweshwa hivyo na hakuna mmea uliowahi kulalamika. Nilimwambia mti wangu si mboga. Akasema ndiyo maana umekonda. Nikaenda kulala. Jumapili asubuhi nilikuta majani kumi na manne mezani.

6. Jumapili saa tisa na nusu nilikuwa nimeondoa chupa ya chai, waridi na tishu, na majani yaliyobaki yalikuwa bado yanatosha. Karibu saa kumi kengele ikalia. Nilifungua nikidhani ni Birgitta. Alikuwa Mama Gaudiose, amekuja kuchukua sufuria yake. Nilimpa sufuria. Hakuondoka, kwa sababu Birgitta naye alikuwa anatoka kwenye lifti, akichechemea, na Mama Gaudiose, ambaye amefanya kazi na wazee miaka kumi na saba, aliona ule mwendo akamuuliza ni nyonga ipi.

Mwenyekiti, waliketi saa nzima. Walikaa kwenye sofa wakiwa wameupa mti mgongo, wakazungumza Kiswidi tupu juu ya nyonga, ngazi na madaktari wasiopokea simu. Birgitta, ambaye katika miaka sita hajanieleza jambo lolote lisilohusu mizizi, alisimulia habari za marehemu mumewe. Alikula maharage yaliyobaki, mara mbili. Mimi nilisimama kando ya picha yangu kama mlinzi wa benki. Saa kumi na moja alivaa viatu, akatushukuru sana, akaondoka. Kamera haikutoka kwenye mkoba.

Jana ameniandikia. Anashukuru kwa jioni njema kuliko zote alizopata tangu kiangazi na anaomba kuelezwa maharage yanavyopikwa. Kuhusu mti amesema tutautazama mwakani. Majani yamekwisha kupukutika, kwa hiyo kweli ni mwakani.

Kwa sababu hizo naiomba kamati yako tukufu:

(a) Iandike katika kanuni zetu kwamba sehemu tupu ndani ya nyumba ya muumini si dalili ya ufukara wala ya kuhama.

(b) Iyabatilishe maombi ya kurefuka kwa mti wangu, kwa kura, wakiwepo watu wote walioitikia amina. Mimi nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

(c) Imzuie Mama Gaudiose kuingia kwangu siku tatu za maonyesho kila mwaka, na ikiwezekana siku nyingine zilizobaki pia.

Sina chuki na mtu. Nisalimie Mama Eve, watoto, wanakwaya wote, na Ndugu Bravin. Mwambie koti lake alilisahau na nimelikausha.

Wako mtiifu, mwenye huzuni ya kiasi,

Révérien

N.B. Nilisahau kukuarifu kwamba Jumatatu ijayo nafanyiwa upasuaji wa goti, na kwa wiki tatu sitaruhusiwa kuinama. Mti unahitaji kutazamwa kila siku na kufunikwa barafu ikianza. Niliwaandikia wenzangu watano wa chama. Wanne walinitakia nafuu ya haraka. Wa tano alifungua kalenda yake akanipa Alhamisi moja ya Desemba. Mama Gaudiose sikumwandikia. Alipiga simu kwa jambo jingine nikajikuta nimemweleza, naye akauliza tu ni maji kiasi gani, na kama ni asubuhi au jioni. Kutoka kwake Rissne hadi kwangu ni treni mbili. Nimeshampa ufunguo. Kwa hiyo ombi (c) lifutwe, na (a) na (b) naona hayana haraka. Tafadhali ifiche barua hii. Naifunga upesi kwa sababu yuko roshani, anaongea na mti, na ameniuliza naandika nini. Nimemwambia ni barua ya kukupongeza kwa uongozi wako.