Makaa ya Bustani ya Mkurugenzi

Mamlaka ya Maji Taka inautangazia umma, kwa unyenyekevu mkubwa, kwamba imeishinda sumu. Mimi ni katibu wa kamati husika, na ushindi huo niliushuhudia nikiwa nimekaa.

Maji ya kiwanda cha betri yalikuwa yakishuka bondeni na madini ya risasi, yakinywesha mchicha wa akina mama wanaolima huko. Mamlaka ikachukua hatua kali: ikawapiga marufuku akina mama. Kanuni ikasema mboga zikikutwa na risasi zitang'olewa hadharani, mwenye shamba akiwa amesimama anatazama. Mama mmoja alisimama, akatazama, kisha akauliza kama wanawe watakula kanuni. Swali lake lilipelekwa kwenye kamati ndogo.

Ndipo mtaalamu wetu wa maabara, dada asiyejua kunyamaza, alipojaza tangi makaa ya magunzi ya mahindi na kupitisha maji humo. Makaa yakanasa risasi, maji yakatoka safi, na akina mama wakarudi kulima bondeni. Mkurugenzi akapongezwa. Mtaalamu naye alikuwepo.

Makaa yalipochoka, dada akataka yafukiwe kwenye shimo lililosakafiwa. Lakini Mkurugenzi alikuwa amesikia kwenye semina, kabla ya chai, kwamba makaa ya namna hiyo hurutubisha udongo. Baada ya chai hakurudi ukumbini. Akaagiza yapelekwe nyumbani kwake, kwenye bustani yake ya mchicha.

"Mkurugenzi, haya yameshakunywa sumu yote," dada akamwambia.

"Yameinywa kazini. Kwangu yanakuja kupumzika."

Kamati iliona hilo ni jibu la kitaalamu. Mimi nilipiga makofi.

Mchicha wake ukanawiri, nasi tukaula vikaoni tukiusifu. Bustani yake tukaipa hadhi ya Bustani ya Mfano. Mwenyewe akaamuru mchicha wake upimwe pamoja na ule wa bondeni, ili akina mama waone haya. Dada akasoma majibu mbele ya watu: bondeni, safi. Bustani ya Mfano, risasi tupu.

Kamati ilikutana kwa dharura kutafuta mwenye shamba mwingine. Hakupatikana. Mkurugenzi akasimama akitazama mchicha wake uking'olewa, nami nikamshikia mwavuli. Niliogopa kweli, maana nilikuwa nimekula sahani mbili.

Siku iliyofuata mkewe aliteremka bondeni na kikapu. Yule mama aliyeuliza swali akamfungia mafungu mawili ya mchicha, akaongeza la tatu.

"Hili la mzee," akasema. "Mwambie limepimwa."