Endofini Zangu na Kamba za Godelieve

Jumatatu, 6 Novemba
Habari kubwa klabuni! Jumamosi anakuja Daktari Hilde wa chuo kikuu na vichupa vya kutemea mate. Atatupima sisi tunaofungana kamba kwa hiari yetu, watu wazima na akili zetu: homoni ya msongo ikoje kabla na baada. Wannes, yule daktari wa meno, keshaanza kutamba. Ati hajawahi kutamka "njano" maishani. Njano ni legeza, nyekundu ni fungua, kijani ni endelea. Majivuno gani haya! Nitamwonyesha.

Ila kuna jambo. Godelieve, anayenifunga mimi mwaka wa tatu sasa, kaniita pembeni. Mara ya mwisho nilinyamaza mpaka vidole vikafa ganzi siku mbili. Nikirudia, atakunja kamba zake na hatanifunga tena. Hakupandisha sauti. Nimeogopa. Nampenda yule mwanamke, na kwenye kamba zake tu ndipo kichwa changu hutulia.

Jumatano, 8 Novemba
Nimesoma. Kumbe mwili ukiumizwa hujipikia dawa! Kwanza adrenalini, moyo mbio. Kisha endofini, inaua maumivu, unaelea. Hapo akili ikanijia. Kama dawa inapikwa, si niwashe jiko mapema? Nifungwe nikiwa nimeshaiva! Sitaumia, sitahitaji njano, Godelieve hatakuwa na la kulalamika.

Jaribio: pilipili tatu mbichi kabla ya kupanda tramu. Nimelia kutoka uwanja wa Korenmarkt mpaka stesheni. Bibi mmoja kanipa leso na pole ya msiba. Nikapokea.

Ijumaa, 10 Novemba
Nimekutana na Wannes kwenye kibanda cha chipsi. Akapaza sauti: "Vipi Ludo, macho mekundu hivyo, umeanza kulia hata hujafungwa?" Wote wakacheka, hata muuza chipsi. Kesho pilipili tano.

Jumamosi, 11 Novemba
Nimeharibu.

Daktari Hilde alikataza kula chochote saa nzima kabla ya kutema mate. Mimi huyo chooni na pilipili zangu. Kichupa kikatoka na rangi ya mchuzi. Akakiinua kwenye taa, akaniuliza kama natokwa damu. Nikafutwa kwenye orodha.

Wannes akafungwa kwanza. Dakika ya nne: "Njano!" Tena kwa sauti! Akalegezewa, akapigiwa makofi, akaendelea huku anatabasamu. Nilifurahi mno. Nikaapa mimi sitatoa hilo neno.

Zamu yangu ikafika, nikafungwa bila vipimo. Mwanzoni nilielea kweli. Godelieve akauliza rangi. Kijani. Mkono wa kushoto ukaanza kuchomachoma kama una sisimizi. Rangi? Kijani. Kisha sisimizi wakaondoka, na mkono nao. Maumivu hakuna! Endofini hizo, nikajipongeza. Godelieve akaweka vidole vyake kiganjani mwangu akasema nibane. Nikabana. Akanikazia macho. "Ludo, bana basi!"

Nilikuwa nabana kwa nguvu zangu zote.

Akachomoa mkasi akakata kamba, ile ya juti aliyoipaka mafuta kwa mkono wake mwenyewe. Akanifunika blanketi, akanilisha chokoleti kipande kipande. Kisha akaingia jikoni. Nilimsikia akilia.

Jumatatu, 13 Novemba
Nimelia dukani, mbele ya fungu la karoti. Daktari Hilde alishatuonya: homoni zikishuka baada ya siku moja mbili, mtu hubomoka. Angalau hii si pilipili. Mkono wa kushoto, ndio wangu wa kuandikia, bado unaning'inia. Naandika kwa wa kulia, mwandiko wa chekechea. Godelieve hajapiga simu. Roho inaniuma.

Jumanne, 14 Novemba
Kapiga! Anasema hasira imemwisha. Kama mkono haujapona nimwambie tu, kesho asubuhi atanipeleka hospitali na kukaa nami mpaka nitoke. Kamba zinaweza kusubiri. Anachotaka ni jibu moja la kweli.

"Haya, mkono vipi?"

Nikamwambia mzima kabisa, kama mpya! Akasema vizuri, basi tuonane Jumamosi, tunywe kahawa. Kamba hakuzitaja.

Ushindi! Nitavaa fulana. Vifungo vya shati vimenishinda.