Gemu Moja Tu Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, 10 Februari

Likizo. Ghala la mboga limefungwa wiki nzima kwa ukarabati, na mimi Ilaitia, mpimaji wa mizani, nimeambiwa nisionekane hata getini. Sikubisha.

Kazi ya wiki hii iko kwenye kiroba kando ya televisheni. Binamu yangu Epeli, aliyehamia Auckland, amechoka na mashine yake ya gemu, akanitumia pamoja na diski zake zote. Mia moja arobaini na kitu. Sharti nimalize moja kabla ya Jumamosi. Si mambo ya starehe tena. Ni heshima.

Chanzo ni Waisake. Nyumba yake inatazamana na yangu. Watu wa kisiwa chao na sisi wa bondeni ni watani tangu enzi za mababu: anaweza kunitukana mazishini na kuchukua jembe langu bila kuaga, na kazi yangu ni kucheka. Jumamosi iliyopita tukiwa tumezunguka bakuli la yangona, kinywaji chetu cha mizizi, alitangaza mbele ya wanaume wote kwamba tangu nizaliwe sijamaliza kitu isipokuwa chakula. Banda langu la kuku halina paa. Mtumbwi wangu una ubavu mmoja. Watu wakacheka mpaka wakamwaga vifuu vyao. Mimi, nikiwa nimeshashusha vifuu kadhaa, nikasema wiki ijayo namaliza gemu nzima, mwanzo mpaka mwisho. Waisake akasema nikishindwa, nitacheza ngoma na kikundi cha akina mama kwenye harambee ya kanisa Jumamosi hiyo, ua sikioni. Makofi matatu yakapigwa. Yakishapigwa, neno limefungwa.

Hakuna shida. Kinachotakiwa ni kuchagua tu. Kanuni ya kwanza: zote zenye majoka zitoke. Zimetoka tano. Baada ya chai nikawaza kwamba majoka hayajawahi kunikosea. Tatu nimezirudisha.

Jumanne, 11 Februari

Mbinu mpya, ya kisayansi. Kuonja kila gemu kidogo, kama muuza samaki aonjavyo mchuzi wa mwenzake, kisha kukata majina.

Nimeanza na ile ya shujaa anayemtafuta farasi wake. Kabla ya kumtafuta farasi, wanakutaka umtengeneze shujaa sura. Nywele, rahisi. Pua, sio rahisi. Pua imenichukua asubuhi nzima. Mereoni, mke wangu, alipita na beseni la mihogo, akasimama, akauliza kwa nini mjomba wangu yuko kwenye televisheni amevaa chuma. Nikaanza pua upya.

Mpaka chakula cha mchana farasi alikuwa bado hajapotea.

Nimeonja nyingine tatu. Ya kulima tanipu, ya mpelelezi mwenye bata, na ya kuendesha lori kwenye theluji. Zote nzuri mno. Hapo ndipo penye ugonjwa. Ukicheza moja unazisikia nyingine zikikuita kutoka kwenye kiroba. Nimekata jina moja tu, la diski iliyovunjika.

Alasiri akaingia mama mkwe kutoka kisiwani kwao, amekuja kupimwa macho. Amekaa kwenye mkeka mbele kabisa ya televisheni. Nimefurahi kumwona. Lakini mkwe hasemeshwi ana kwa ana, maneno hupitia kwa binti yake, na siwezi kumtuma Mereoni akamwambie mama yake asogee. Nimeenda kumwagilia biringanya. Mvua ilikuwa inanyesha.

Jumatano, 12 Februari

Nimeamka na akili kubwa kuliko kichwa!

Kwa nini nichague mimi? Mtani ana haki ya kuchukua chochote nyumbani kwangu. Waisake ameshachukua panga, kochi moja, na mara moja mlango, nao ukiwa kwenye bawaba zake. Basi namwita, namwonyesha diski, anachukua azipendazo, orodha inapungua bila mkono wangu kutenda dhambi. Kitakachobaki ndicho changu. Na yeye mwenyewe atakuwa amenisaidia kumshinda. Nilicheka peke yangu bafuni mpaka Mereoni akaniuliza kupitia mlangoni kama nimeteleza.

Tahadhari moja tu: kuficha zilizo bora, asije akazibeba. Nilipanga kuficha kumi. Kumi bora haziwezekani, kila moja ina kitu chake. Nimeficha sitini hivi, zote chini ya mkeka wa mama mkwe. Hata Waisake hawezi kuinua mkeka aliokalia mtu mzima. Mkeka umekuwa na kibiongo. Mama mkwe ameukalia, akajigeuza mara mbili, akasema kwa Mereoni kwamba sakafu ya nyumba hii inapumua.

Alhamisi, 13 Februari

Waisake amekuja, amekunywa chai yangu, amemaliza roti zangu. Nikamwelekeza kwenye diski kwa unyenyekevu wa kutisha. Nikamwambia achukue, nyumba ni yake.

Hapo nilikosea. Mtani ukimpa kwa hiari anajua kuna kitu. Alizitazama diski, akanitazama mimi, akautazama mkeka wenye kibiongo. Akatoka bila kuchukua hata kijiko, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Baada ya saa moja akarudi na watu wawili wa kwao, kavaa sulu, shuka yake ya kanisani. Mkononi mzizi mzima wa yangona. Nyuma yake kikapu. Wakaketi mlangoni wakatoa hotuba ya heshima, ndefu, yenye mababu zake wote na wangu wote. Kisha akasukuma kikapu mbele.

"Mtani," akasema, "tumeona umepungukiwa."

Diski! Za kwake, za shemeji zake, na nyingine kutoka msikiti wa nyuma, hata sijui nani aliziokota huko. Zawadi iliyokuja na mzizi wa yangona hairudishwi. Nililazimika kupokea kwa mikono miwili, kupiga makofi, na kumshukuru kwa hotuba ndefu kama yake.

Sasa ni karibu mia mbili. Nimezipanga upya kwa alfabeti. Haikusaidia, lakini inapendeza.

Ijumaa, 14 Februari

Siku ya mwisho ya kucheza. Nimekuwa mkali. Asubuhi nimekata, nimekata, nimekata, huku nimefumba macho nusu. Kufikia saa sita zimebaki mbili: shujaa na farasi wake, au tanipu. Nikasema ndala iamue. Ikiangukia mgongo, farasi. Ikiangukia tumbo, tanipu. Nikairusha. Ikasimama wima, imeegemea ukuta. Nikairusha tena, ikatoka dirishani. Mbwa wa Waisake akaondoka nayo. Hata mbwa wao ni mtani.

Nikachagua tanipu. Kwa sauti, ili nisibadilike. Nikaingia sebuleni na diski yangu mkononi kama askofu na msalaba.

Mama mkwe ameshika pedi ya kuchezea.

Nikamvuta Mereoni pembeni, nikamwomba amwombe mama, kwa heshima zote, kama angeweza kunipisha. Mereoni akaenda, wakanong'onezana, akarudi.

"Baba Sera, anasema samaki mmoja tu amebaki."

Samaki gani? Ndipo nikaelezwa. Tangu Jumatano, diski moja ilikuwa inamchoma kalio kutoka chini ya mkeka. Akaitoa. Ya kuvua samaki. Akaiweka kwenye mashine, na kila nilipokuwa nyuma ya nyumba nikipanga orodha, yeye alikuwa anavua. Moja hiyohiyo. Hakuuliza kama ziko nyingine.

Nikasimama mlangoni nikatazama. Amevuta, amelegeza, amevuta. Bibi huyu amevua kwenye miamba ya kweli maisha yake yote, hana papara. Lile samaki likatoka, kubwa kama kanisa. Muziki ukapiga. Majina ya waliotengeneza gemu yakaanza kupanda kwenye kioo, na mimi, mwenye gemu karibu mia mbili, ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyaona. Machozi yalinilenga.

Kisha nikapata wazo. Gemu imemalizwa. Nyumbani kwangu. Kwa umeme wangu.

Jumamosi, 15 Februari

Uwanja wa kanisa umejaa. Nikasimama mbele ya watu, nikatangaza kwamba gemu imekwisha, ya kuvua samaki, tangu jana mchana. Sikusema nani. Nilisema imekwisha. Wanaume wakaguna kwa heshima. Raha niliyoipata ilidumu kama pumzi mbili.

Waisake akaniuliza, kwa upole wa mchungaji, samaki wa mwisho alikuwa wa rangi gani. Nikasema rangi ya samaki. Akauliza alishika chambo gani. Nikatazama upande wa akina mama. Mama mkwe alikuwa anakunja mkeka, hanitazami. Akamwambia Mereoni kitu. Mereoni akasimama, midomo ikimcheza.

"Mama anasema chambo alikuwa kaa. Anasema pia mkwe wake ana miguu mizuri, asinyimwe nafasi ya kucheza."

Uwanja ulilipuka. Ua la haibiskasi lilifika sikioni mwangu kabla sijafunga mdomo.

Nikacheza. Nilidhani nitakufa kwa aibu, sikufa. Mikono ilijua kazi yake. Akina mama wakapiga vigelegele, wakanimwagia poda kichwani kama inavyostahili mchezaji mzuri, na Waisake akaja na kopo zima akalimimina lote, akicheka mpaka akakaa chini, mweupe kama mimi. Wimbo ukaisha. Mimi nikaendelea. Mereoni ndiye aliyenishika kiuno.

"Baba Sera, hii umeimaliza," akasema. "Njoo ule."

Majani ya magimbi kwa tui. Sahani tatu. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyepakua.

Jumapili, 16 Februari

Kanisani watu bado wananiita mchezaji. Mwenyekiti wa akina mama ameuliza kama niko huru wakati wa Pasaka. Nimesema nitafikiria. Niko huru.

Mama mkwe anarudi kisiwani kesho. Kupitia kwa Mereoni ameomba kitu kidogo cha kwenda nacho: mashine ya gemu, pamoja na diski ya samaki. Nani amnyime mkwe? Nimeifunga mwenyewe kwenye boksi, na pedi, na waya, nikaizungushia mkeka isigongwe.

Diski zote nyingine ameniachia. Mtu mwema sana.

Na kwa kweli ni afadhali. Mashine ndiyo iliyokuwa ikinichanganya. Sasa hakuna tena kuonja, hakuna kutengeneza pua za watu, ni mimi na kiroba tu, kwa utulivu. Kwa mwendo huu, kabla ya Pasaka nitakuwa nimechagua.

Nimeanza na zenye majoka. Zimetoka tano.

Tatu nimezirudisha.