Malalamiko juu ya Mke Wangu Kutoanguka Tena

Kampemba, Lubumbashi

Mama Joëlle mheshimiwa, kinesi, mwalimu wa mazoezi ya viungo,

Nakusalimu kwa heshima yote, ingawa umeniharibia nyumba.

Mimi ni Léonard Chama, mume wa Syntiche, mgonjwa wako wa Parkinson, yule ambaye mkono wake unatetemeka na miguu hukwama ghafla kama imepigiliwa misumari. Nilimleta mwenyewe umfundishe asianguke. Mengine sikuyaagiza. Nalalamika hivi:

1. Zamani tuliingia misa akiniegemea, na wamama wakisema, "Angalia ule baba, iko na roho muzuri." Sasa anatangulia na fimbo yake, hatua kubwa kubwa ulizomfundisha, mimi nyuma nimebeba mkoba wake. Jumapili iliyopita mama mmoja aliniuliza kwa huruma kama mgonjwa ni mimi.

2. Korido yetu yote ina mistari ya chaki, eti auvuke mmoja mmoja ili miguu isikwame. Shemeji Mwelwa, mtu mzima mwenye kravati shingoni, alikuja kutusalimu akairuka yote mpaka jikoni. Akarudi akairuka tena.

3. Hili linauma. Aliniambia, "Papa, simama na muguu moya, kama miye." Nilisimama. Nikajikuta ndani ya beseni la unga. Yeye, ambaye mimi ndiye mlinzi wake, alishika meza akacheka mpaka akakosa pumzi. Hakuwa amecheka tangu daktari atutajie jina la ugonjwa. Nalitaja hilo kwa ajili ya ukweli tu, si kukusifu.

4. Sasa anataka kwenda Kilwa, hii yetu ya kando ya ziwa, kumwona dada yake Ngosa, ambaye hajamwona tangu ugonjwa huu uanze. Barabara ile unaijua. Nilimkataza, nikamwambia gari litamtikisa vibaya. Akanijibu, "Itanitikisa? Miye niko natikisika kila siku!" Mama, mwanamke aliyeshika ukuta akitembea hakuwa akinijibu hivyo.

Kwa hiyo naomba umpunguzie huo usawa wa mwili, wa kutoyumba. Si wote. Umwachie wa kutoka kitandani hadi mezani, na kwingine kote abaki na haja ya mtu. Ikishindikana, mfundishe upande mmoja tu.

Nisalimie wagonjwa wenzake wote wa mazoezi ya Jumanne, hata Papa Désiré anayempigia mke wangu makofi.

Wako mwenye masikitiko,
Léonard Chama

N.B. Leo asubuhi, kabla sijafunga bahasha, miguu yake ilikwama mbele ya mfereji wa getini. Nilikimbia. Akasema bila kugeuka, "Acha." Akatulia, akainua goti, akavuka. Nilibaki upande wa huku nikilia, majirani wakinitazama. Tunakwenda Kilwa wote wawili, mvua ikipungua. Mpaka siku hiyo mkazie mazoezi, hata akinung'unika, na Jumanne uniwekee kiti karibu na Papa Désiré. Usimpunguzie chochote.