Meza Isiyotikisika

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu ametangaza vita. Anaitaka stoo! Yeye ni fundi cherehani, vitambaa anakatia sakafuni chumbani kwetu, na mgongo sasa umegoma. Namhurumia, kweli. Lakini stoo ni karakana yangu. Akauliza karakana ipi, maana humo yeye anaona msumeno mmoja, randa yenye kutu na baiskeli isiyo na magurudumu. Nikamjibu kwa utulivu kwamba kinachokosekana ni meza ya useremala tu.

Tukakata shauri. Jumapili mama yake anakuja kula nasi mchana. Meza ikiwa tayari, stoo yangu. Isipokuwa tayari, nifungashe virago mimi na randa yangu. Nimekubali huku nacheka. Jumapili? Mbona mbali!

Jumanne, 4 Machi

Nimechora. Mchoro safi, nyuma ya kalenda. Meza ya kugongwa nyundo kutwa nzima isitikisike. Miguu minene. Uso wa mbao, matabaka mawili. Niliutazama ule mchoro nikajisikia mtu.

Ndipo akapita mwanyumba wangu. Huyu ni mume wa dada wa mke wangu. Aliwahi kumtengenezea mama mkwe kabati la vyombo, na tangu siku hiyo sina raha ukweni. Kila nikienda naonyeshwa kabati. Eti milango inafunga! Akautazama mchoro wangu, akakuna kidevu, akasema ni mzuri ila miguu haina mbao za kuifunga pamoja, itapepesuka. Nikamwambia nimeziacha makusudi, kurahisisha mchoro. Alipoondoka nikazichora haraka.

Alhamisi, 6 Machi

Mbao zimefika. Tatizo: huwezi kutengeneza meza ya useremala bila kuwa na meza ya useremala! Hili hakuna aliyenionya. Niliweka ubao juu ya ndoo mbili nikaanza kuranda. Ubao ukachomoka, ndoo zikabiringika, nami nikazifuata. Nikahamia ngazi ya mlangoni. Goti limevimba.

Jioni nikapata wazo. Meza ya chakula! Pana, nzito, imenyooka. Ni zawadi ya mama mkwe siku ya harusi yetu, na mke wangu huifuta kila asubuhi kwa kitambaa laini kama anamnawisha mtoto uso. Kesho anakwenda kwa bibi harusi mmoja kumshonea nguo, atalala huko. Nimemhimiza asiwe na haraka ya kurudi.

Ijumaa, 7 Machi

Leo gundi. Nimepanga mbao za tabaka la kwanza juu ya meza ya chakula, zinapendeza ajabu. Nikashika nailoni nizitandikie chini, gundi isije ikavuja. Nasema wazi: nilikuwa nimeishika mkononi.

Mwanyumba akachungulia dirishani. Akasema nisisahau kutandika nailoni.

Basi nikaiweka chini. Ningefanyaje? Ningeitandika, angewaeleza ukweni kote kwamba bila yeye ningeharibikiwa. Nikamwambia mafundi wa kweli hawatumii nailoni, wanapima gundi kwa jicho. Akaenda zake. Nikamwaga gundi kwa jicho. Chupa nzima. Nikapanga tabaka la pili, juu yake mawe ya uani, mfuko wa saruji, na mwisho nikapanda mimi mwenyewe. Nilikaa pale juu nikipiga mluzi.

Jumamosi, 8 Machi

Gundi ni nzuri mno.

Nilinyanyua mbao, meza ya mama mkwe ikanyanyuka nazo. Nikajaribu kisu. Nikajaribu maji ya moto. Nikajaribu kuziambia maneno makali. Vimekuwa kitu kimoja.

Nimetandaza shuka jeupe, likafunika kila kitu hadi sakafuni. Mke wangu amerudi hoi. Akaliona shuka, akauliza ni la nini. Nikasema ni heshima kwa mama. Na meza ya useremala je? Nikasema iko tayari, nitaizindua kesho. Si uongo! Akanishika bega, akasema siku hizi nimekuwa mwanamume anayefikiria watu. Afadhali angenipiga. Nimekosa hamu ya kula.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe ni mfupi. Nilikuwa nimelisahau hilo. Alipokaa, sahani ilimfika kidevuni. Akala vijiko viwili, akauliza kwa upole kama kiti kimeshuka au meza imepanda. Nikasema ni mambo ya kisasa. Mwanyumba, aliyekuja naye, akakohoa. Kisha mama mkwe akashusha kijiko na kuniuliza, baba, meza yangu iko wapi?

Mke wangu akafunua shuka. Hakupiga kelele. Alipitisha kidole ukingoni, pale gundi ilipotiririka na kugandia kwenye ile meza aliyoifuta miaka yote, na machozi yakamtoka. Nilitamani sakafu inimeze. Nikasema nimekosa. Sikuongeza neno, na mimi huwa naongeza.

Mama mkwe akainuka, akauegemea ule uso wa mbao kwa nguvu zake zote. Haukutikisika. Akamwita mwanyumba, naye akausukuma kwa kiuno. Wapi! Mama mkwe akamwambia bintiye asimame hapo. Mke wangu akasimama, akafuta machozi, akanyoosha mikono juu ya mbao kama anayetandaza kitambaa. Mgongo wima. Kimo chake hasa! Akasimama hivyo kitambo, kisha akaanza kucheka.

Sote tukaibeba, tukailaza ubavu mlangoni. Kufikia jioni ilikuwa imo ndani ya stoo, na juu yake mkasi, chaki na gauni la bibi harusi. Randa yangu iko chini ya kitanda.

Wakati wa kuaga, mama mkwe alisema ni kitu cha kwanza nilichotengeneza kisichotikisika. Mbele ya mwanyumba! Sijalala kwa furaha. Stoo nimeipoteza, lakini mbele ya mwanyumba!

Jumatatu, 10 Machi

Tunakula sakafuni. Mke wangu amesema kwa sauti laini, ile mbaya, kwamba anataka meza ya chakula kabla mama yake hajarudi. Hakuna shida! Uzoefu ninao, gundi nitanunua chupa mbili. Ninachokosa ni mahali pa kufanyia kazi, na hilo nalo nimeshalitatua. Kitanda chetu! Kipana, kizito, na mchana kinakaa bure.

Sijui nani amempasha habari mwanyumba. Amepiga simu. Anasema nisianze kazi kabla ya kuondoa godoro.

Godoro linabaki.