Zahanati ya Mapafu ya Malabnig Yafunguliwa Rasmi

Mheshimiwa Mwakilishi wa Meya, ambaye hakuweza kufika ila ametuma kofia yake, na kofia ile pale imeketi kiti cha mbele, Baba Paroko, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Chama cha Wafuga Majogoo ya Kupigana, Malkia wa Sikukuu wa mwaka huu, Malkia wa mwaka jana, na yule wa mwaka juzi ambaye hadi leo anadai taji ni lake, mke wangu mpenzi Lourdes, Mama wa Kwanza wa Mtaa, shemeji yangu Rodel wa duka la kuchapa mabango, wazee, wajane, wacheza mpira wa kikapu, na nyinyi wengine wote mliosimama juani: wapo viongozi wanaosema "itifaki imezingatiwa" wakaendelea, lakini mimi, Kapitan wenu wa mtaa, Eleuterio Macaraig, sitaikata heshima ya mtu vipande kama tango. (Makofi. Sauti: "Kap, tumesimama tangu asubuhi!")

Asante kwa pongezi hizo.

Ndugu wananchi, leo historia ya pumzi ya binadamu inagawanyika mara mbili: pumzi ya kabla ya Macaraig na pumzi ya baada ya Macaraig. Nyuma yangu, kama mnavyoona kwa macho yenu wenyewe, limesimama jengo la ghorofa, jeupe pepepe, lenye mlango wa kioo, madirisha yasiyohesabika, wauguzi watatu wanaotabasamu kizingitini, na picha yangu mimi, yenye kimo cha ghorofa moja na nusu, nikinyoosha kidole kuelekea kwenye maendeleo. (Makofi. Upepo unavuma, jengo linavimba, kisha linanywea.) Msishtuke! Hiyo ni teknolojia shirikishi. Zahanati ya mapafu sharti yenyewe ipumue, ili mgonjwa aone mfano aige. (Vicheko. Bata wanalia kutoka ndani ya jengo.) Na hizo ni mashine za kupimia vifua, zinapashwa moto.

Nije sasa kwenye mada. Baada ya upembuzi yakinifu, wa kina, kwa mapana na marefu, na baada ya kuwashirikisha wadau wote wa pumzi, ofisi yangu imebaini kwamba maradhi ya njia ya hewa hapa kwetu ni haya: mafua, ambayo huanzia puani, mafindofindo, ambayo huketi kooni, mkamba, ambao hushuka kwenye mirija, na nimonia, ambayo huingia mapafuni bila kupiga hodi. Daktari mmoja wa mjini aliniambia ati yote hayo huletwa na virusi na bakteria, vijidudu visivyoonekana, vinavyorushwa kwa kikohozi na chafya na kubebwa na mikono isiyooshwa. Nikamwuliza: daktari, hivyo virusi vimeandikishwa wapi? Kwa maana hapa Malabnig hakuna mgeni anayelala bila kupita ofisini kwangu kuchukua cheti cha ukaazi, na mimi sijasaini cheti cha kirusi hata kimoja! (Makofi marefu. Mwenyekiti wa majogoo anapiga chafya juu ya kofia ya Mwakilishi wa Meya, kisha anampa mkono Baba Paroko.)

Chanzo halisi tunakijua sisi tuliolelewa na mama zetu: ni jasho kumkaukia mtoto mgongoni! Ni feni kumpulizia mtu aliyelala! Ni kuoga ukiwa umechoka! Ndiyo maana nilizindua ule Mpango Mkakati Jumuishi wa Taulo Moja Mgongo Mmoja, ambao mpaka sasa umeifikia asilimia mia na nne ya migongo yote ya mtaa huu, ikiwemo migongo iliyokwishahamia Manila, na kila taulo, bila upendeleo wa chama wala ukoo, lina sura yangu. (Makofi. Sauti ya mwanamke, mbele kabisa: "Kap, samahani, mlango unafunguliwa lini?")

Nani huyo? Aa, Bibi Pacing, na mjukuu wake Jemuel kwapani! Karibu, Bibi, karibu sana. Mnaona wananchi? Utepe haujakatwa na mgonjwa wa kwanza ameshafika. Hiyo ndiyo imani kwa serikali. Vuta subira kidogo, mama, nimebakiza kurasa chache.

("Kurasa utajisomea mwenyewe, Kap! Mtoto anapumua mbiombio, mbavu zinaingia ndani. Tazama!")

Jasho hilo, Bibi. Taulo liko wapi?

("Analo mgongoni! Kalala nalo tangu Jumatatu, na sura yako juu yake, na homa haijashuka!")

Basi amevalishwa kinyume. Sura yangu inatakiwa itazame ngozi. (Vicheko. Sauti: "Hata mimi ningeugua!") Utaratibu, jamani, utaratibu! Kama nilivyokuwa nasema, katika mnyororo wa thamani wa kikohozi, ambao wataalamu wangu wameufanyia tathmini shirikishi wakati wa semina ya kule ufukweni... (Bibi Pacing anauruka utepe.) Bibi! Bibi Pacing! Usiguse mlango! Mlango huo, katika awamu hii ya kwanza, ni wa kutazamwa! Awamu ya pili ndiyo ya kusukumwa! (Bibi Pacing anausukuma mlango wa kioo. Mkono unazama mpaka begani, muuguzi wa katikati anakunjika uso, kamba ya kona inakatika, na nyati wa kulimia anachomoza pua.) Huyo... huyo ni mtaalamu mshauri.

("Turubai! Jamani, zahanati ni turubai!")

(Vicheko vya kuvunja mbavu, Malkia wa mwaka juzi anaanguka kitini. Kisha vicheko vinazimika kimoja kimoja, maana Bibi Pacing hacheki. Amechuchumaa matopeni, sikio kifuani kwa mtoto. "Nilimwahidi mama yake," anasema. "Nilimwambia leo zahanati inafunguliwa, nenda kazini." Mvua inaanza kunyesha.)

Wananchi, msivunjike moyo kwa mvua, mvua ni baraka, na paa letu... Dodong! We dereva wa pikipiki, acha kamba hiyo!

("Naacha nini, Kap? Nina pikipiki na kigari cha pembeni, na hospitali ya mjini ina milango ya kweli! Bibi, panda! Jamani, tuwafunike kwa turubai hili, mtoto asilowe!")

Dodong, hiyo ni nguzo ya jengo la umma! Jamani msikunje wodi! Taratibu na ghorofa ya juu! Baba Paroko, hata wewe? (Zahanati imekunjwa na kufunika kigari chote, na ndani yake wamo Bibi Pacing na Jemuel. Mahali ilipokuwa pana dimbwi la bata, na nyati.)

Naam! Naam, mabibi na mabwana, mmeshuhudia kwa macho yenu! Mitaa mingine mgonjwa huifuata zahanati. Malabnig peke yake zahanati humfuata mgonjwa! Haya yalikuwa kwenye mpango tangu mwanzo, ukurasa wa tisa. (Lourdes: "Eleuterio! Pikipiki imekwama topeni! Shuka usukume!") Nakuja mpenzi, nimebakiza shukrani tu.

Mapafu hoyee! Pumzi kwanza, maneno baadaye! Mapafu... mapafu?

(Dodong, kwa mbali: "Moja, mbili, sukumaaa!")

Mwisho kabisa, lakini si kwa umuhimu, namshukuru shemeji yangu Rodel, aliyeijenga zahanati hii yote kwa alasiri moja, bila tofali, bila saruji, kwa wino wa rangi nne. Nawashukuru wale wauguzi watatu, ambao Rodel aliwakuta kwenye tangazo la sabuni. Namshukuru mwenye bata kwa kutuazima kiwanja. Na kwa namna ya pekee nawashukuru nyinyi, wananchi wangu wapendwa, kwa kuwa mngengoja nje ya mlango ule hata mwaka mzima bila kuuliza, kama si huyu mtoto. Asanteni sana kwa kunisikiliza.

(Hakuna makofi. Mikono yote iko kwenye pikipiki.)